SI KILA MCHOVU NI MVIVU: HABARI ZA UPUNGUFU WA CHUMA KATIKA DAMU NA MISULI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa na Halmashauri niseme nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo lihusulo afya, nami nimechagua habari za upungufu wa chuma mwilini. Huenda wengine wakauliza: Karani na chuma, wapi na wapi? Chuma si kazi ya mhunzi? Jibu langu ni kwamba kila mmoja aliyeketi hapa anacho chuma mwilini mwake, na kwamba kalamu tuishikayo yaweza kumdhulumu mtu ambaye chuma chake kimepungua. Maana ni sisi tuandikao katika madaftari hesabu ya kazi za watu: huyu amemaliza kipande chake, yule hakumaliza, huyu hodari, yule mvivu. Na neno "mvivu" likiisha kuandikwa mbele ya jina la mtu, ni taabu kubwa kulifuta.

Basi nia yangu ni kuwaonyesheni jambo moja. Upungufu wa chuma humdhuru mtu mahali pawili: katika damu yake, na katika misuli yenyewe ifanyayo kazi. Jambo la kwanza watu wengi wamelisikia. La pili wachache walijua, nalo ndilo limfanyalo mtu aonekane mzima machoni pa watu, huku nguvu zake zimekwisha.

CHUMA KATIKA DAMU

Mwili wa mtu mzima una chuma kiasi cha gramu 3 hata 4 tu, yaani uzito wa msumari mdogo. Karibu theluthi mbili za chuma hicho zimo katika damu. Damu ina chembe nyekundu nyingi mno; katika tone dogo lenye ujazo wa milimita moja mna chembe kiasi cha milioni 5. Ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho himoglobini, nacho ndicho kiipacho damu wekundu wake. Kila himoglobini ina sehemu nne, na katikati ya kila sehemu pana chuma. Chuma hicho ndicho kikamatacho hewa ya oksijeni katika mapafu na kuiachilia katika viungo vya mwili. Twaweza kuzifananisha chembe hizi na madau yapakiayo shehena katika bandari ya mapafu na kuipakua katika bandari za misuli, ubongo na moyo. Dau lisilo na chuma cha kutosha husafiri nusu tupu.

Habari ya chuma kuwamo katika damu si mpya. Katika miaka ya 1740 mtaalamu mmoja wa Bologna, katika nchi ya Italia, jina lake Vincenzo Menghini, aliichoma damu hata ikawa majivu, akaona kuwa chembe za majivu yale huvutwa na sumaku. Mwaka 1832 mganga wa Ufaransa, Pierre Blaud, alitangaza vidonge vyake vya chuma kwa kuwatibu wasichana waliokuwa wamepauka na kukosa nguvu. Na mwaka 1962 Max Perutz na John Kendrew, waliofanya kazi Cambridge katika Uingereza, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha umbo la himoglobini na la ndugu yake wa misuli, ambaye nitamtaja baadaye.

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Lakini mwili hautupi chuma chake. Kila siku uboho wa mifupa wahitaji miligramu 20 hata 25 za chuma kwa kuunda chembe mpya, na karibu zote hutoka katika chembe kuukuu zilizovunjwa. Katika chakula mtu hupokea miligramu 1 au 2 tu kwa siku, na kiasi kama hicho hupotea kwa njia ya ngozi na matumbo. Kwa hiyo hesabu ya chuma ni kama hesabu ya mtu mwenye mshahara mdogo: mapato na matumizi yako karibu sawa, na tundu dogo mfukoni latosha kumfilisi. Na tundu hilo, mara nyingi, ni kutokwa na damu. Mililita 2 za damu zina kiasi cha miligramu moja ya chuma.

Tena upungufu hauji kwa siku moja. Waja kwa daraja tatu. Kwanza, akiba iliyo katika ini na uboho hutumika mpaka ikaisha, na mtu hana habari. Waganga waweza kuijua hali hiyo kwa kupima kitu kiitwacho feritini katika damu, kwa kuwa feritini ndiyo ghala ya chuma. Pili, uboho huanza kukosa chuma cha kuundia chembe mpya. Tatu, chembe zizaliwazo huwa ndogo na zimepauka, na himoglobini hushuka. Hapo ndipo isemwapo kwamba mtu huyu ana upungufu wa damu. Kwa kawaida, mwanamume aliye na himoglobini chini ya gramu 130 katika lita moja ya damu huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 120. Wakaao milimani hupimwa kwa kiwango cha juu zaidi, kwa sababu hewa yao ni nyepesi na mwili wahitaji chembe nyingi zaidi.

Dalili zake ni hizi: kope kwa ndani na viganja hupauka, moyo hupiga mbio, pumzi humwisha mtu akipanda ngazi au kilima, kichwa huuma, kucha huvunjika upesi, na pengine hubonyea kama kijiko. Wengine hushikwa na tamaa ya kula udongo, mchele mbichi au barafu. Wale wauzao udongo sokoni kwa wanawake wenye mimba huona biashara tu, lakini mganga huona dalili ya kuuliza habari za damu.

Tena angalieni jambo hili: upungufu ukija polepole, mwili huuzoea. Moyo hupiga mara nyingi zaidi na kusukuma damu nyingi zaidi, na chembe zenyewe huachilia hewa yao kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo mtu aweza kupungukiwa sana na damu, naye bado aamka asubuhi, aenda kazini, asalimia watu na kucheka nao. Lakini moyo wake hufanya kazi ya ziada hata katika jambo dogo, na akipewa jambo kubwa hana tena mahali pa kuongeza.

CHUMA KATIKA MISULI

Sasa na tuje kwenye sehemu ya pili. Kila aliyewahi kula kuku ameona kuwa nyama ya paja ni nyekundu nyekundu na nyama ya kidari ni nyeupe. Kuku hutembea kutwa, lakini haruki ila kwa dharura. Njiwa aliye mrukaji hodari ana kidari chekundu. Wekundu huo watoka kwa sehemu kubwa katika kitu kilicho ndani ya msuli kiitwacho mayoglobini. Huyo ndiye ndugu wa himoglobini niliyemtaja. Kila mayoglobini ina chuma kimoja, na kazi yake ni kuipokea oksijeni iletwayo na damu, kuiweka akiba, na kuipeleka ndani zaidi.

Inapelekwa wapi? Ndani ya msuli mna vyumba vidogo sana viitwavyo mitokondria, ambavyo ni kama matanuri ya mwili. Humo sukari na mafuta tuliyokula huunguzwa kwa oksijeni, na nguvu hutoka. Matanuri hayo nayo yana viungo vyenye chuma, ambavyo hupokezana kazi kama watu waliojipanga msitari kupokezana ndoo za maji. Akikosekana mmoja katikati ya msitari, ndoo hazifiki, hata kama kisima kimejaa.

Basi chuma kikipungua, msuli hupata hasara maradufu. Damu huleta oksijeni kidogo, na hiyo kidogo iliyofika haitumiki barabara. Hapo msuli hushika njia nyingine, ya kuvunja sukari pasipo oksijeni. Njia hiyo ni ya haraka, lakini ni ya hasara: katika sukari ile ile, njia ya oksijeni hutoa nguvu kiasi cha mara 15 zaidi. Akiba ya sukari ya msuli huisha upesi, na kitu kiitwacho laktiki huzidi katika damu. Mtu husikia miguu mizito na pumzi fupi, naye huweka chini mzigo wake kabla ya wakati.

MAJARIBIO YALIYOFUNUA JAMBO HILI

Huenda mtu akasema: Hayo yote ni damu tu, mtie mtu damu, naye atapona. Swali hilo lilipata jibu katika majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 1976 na Daktari Clement Finch na wenzake wa Seattle, Marekani. Panya walilishwa chakula kisicho na chuma cha kutosha mpaka wakapungukiwa. Kisha wataalamu waliibadilisha damu yao, hata himoglobini yao ikawa sawa na ya panya wazima waliolinganishwa nao. Je, mbio zao zilikuwa sawa? La. Wale waliokosa chuma walichoka upesi mno, ingawa damu yao haikuwa na kasoro. Ndipo wakapewa chuma, huku damu yao ikizuiwa isiongezeke. Katika siku 4 nguvu za kukimbia zikarudi. Hivyo ikathibitika kwamba kosa lilikuwa katika msuli, wala si katika damu peke yake.

Mwaka 1982 wataalamu wa Berkeley, California, walizidi kulifafanua jambo hilo. Waliona kuwa kipeo cha oksijeni ambayo mnyama aweza kuitumia kwa mara moja hufuata hali ya damu. Lakini ustahimilivu, yaani nguvu za kuendelea na kazi kwa muda mrefu, hufuata hali ya matanuri yale ya msuli. Tofauti hii yatuhusu sana. Kazi nyingi za watu si kukimbia mbio za dakika moja. Ni kulima, kubeba, kuchota, kusimama na kutembea tangu asubuhi hata jioni. Katika kazi hizo ustahimilivu ndio mali ya mtu.

Bila shaka panya si mtu, na panya wale walikuwa wamepungukiwa mno. Lakini mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza habari za wanawake ambao himoglobini yao ilikuwa ya kawaida, ila akiba yao ya chuma ilikuwa ndogo. Wengine walipewa chuma kwa majuma 6, wengine vidonge visivyo na dawa, na wote wakazoezwa. Waliopewa chuma waliendelea zaidi katika mashindano ya baisikeli kuliko wenzao. Basi hata kabla ya damu kuonekana pungufu, mwili waweza kuwa umeanza kupungukiwa na nguvu.

HABARI ZA WATU WA KAZI

Mwaka 1977 zilitangazwa habari za wanawake wa Sri Lanka waliopimwa kwa kutembea juu ya mkanda uendao kwa mota. Kadiri himoglobini ilivyokuwa chini, ndivyo walivyoshindwa mapema, na ndivyo mioyo yao ilivyopiga mbio na laktiki ilivyozidi. Mwaka 1979 ikaja taarifa ya wachumaji wa chai wa nchi ile ile: waliopewa chuma damu yao ikaongezeka, nao wakachuma chai zaidi, na waliokuwa wamepungukiwa sana ndio waliopata faida kubwa zaidi. Mwaka huo huo ikatangazwa taarifa ya wagema mpira wa Indonesia, wengi wao wakiwa na minyoo ya safura. Waliokuwa na upungufu wa damu waligema kidogo na kupata ujira kidogo. Wakapewa miligramu 100 za chuma kila siku kwa siku 60, na kazi yao ikaongezeka.

Fikirini, mabwana, jinsi daftari la shamba lilivyosomeka kabla ya siku hizo 60. Mtu aliyegema kidogo aliandikiwa kidogo na kulipwa kidogo. Kwa ujira huo mdogo alinunua chakula duni, na kwa chakula duni chuma chake kikazidi kupungua. Karani aliyeandika hesabu ile hakusema uongo. Tarakimu zilikuwa sahihi. Lakini sababu haikuandikwa, na mahali pasipoandikwa sababu, watu hujaza wenyewe neno la uvivu.

MATUNDU YA MFUKONI

Kwetu Afrika ya Mashariki chuma hupotea kwa njia nyingi. Kubwa mojawapo ni minyoo ya safura, ambayo watu wa pwani walilijua jina lake tangu zamani. Wadudu wake wachanga hukaa katika udongo uliochafuliwa na choo cha binadamu, huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu mtupu, kisha hujishikiza katika utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja wa aina iitwayo Ancylostoma duodenale humpotezea mtu kiasi cha mililita 0.2 za damu kwa siku; wa aina ya Necator americanus hupoteza chini ya hapo. Mtaona ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Minyoo 50 ya aina ile ya kwanza hupoteza mililita 10 kwa siku, zenye chuma kiasi cha miligramu 5. Na ingawa sehemu yake hurudishwa na utumbo, bado hasara yaweza kupita pato la chakula. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Na huyu yu ndani zaidi ya nguo. Uchunguzi wa watoto wa shule kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa safura ilikuwa sababu kubwa ya upungufu wa damu ulio mkali.

Njia nyingine ni kichocho, vidonda vya tumbo, na hedhi nyingi. Mimba nayo yataka chuma kingi, kiasi cha gramu moja kwa jumla, ndiyo maana mama aliyezaa mfululizo mara nyingi huwa hana akiba yoyote. Na mwanamume mtu mzima aonekanaye kuwa amepungukiwa na chuma asiridhike na vidonge tu. Hana budi achunguzwe tumbo, kwani huenda anavuja damu ndani pasipo kujua.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kupimwa kabla ya kunywa dawa. Si kila upungufu wa damu watokana na chuma. Malaria huvunja chembe. Selimundu ni urithi. Tena kuna upungufu wa vitamini. Kumeza chuma bila kupimwa ni kama kutia mafuta katika taa iliyovunjika utambi.

Pili, kuvitumia vidonge kwa muda uliowekwa. Mtu husikia nafuu mapema, akaviacha, kumbe ghala bado tupu. Mara nyingi waganga hutaka aendelee kwa miezi 3 hivi baada ya damu kurudi. Choo kuwa cheusi kwa sababu ya vidonge si jambo la kuogofya. Lakini vidonge vifungiwe mbali na watoto, maana mtoto akivimeza vingi vyaweza kumwua.

Tatu, mahali penye malaria, mtoto mdogo asipewe chuma ovyo. Majaribio makubwa ya Pemba yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na foliki asidi kila siku waliugua vikali na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Tangu hapo Shirika la Afya la Dunia limeagiza kwamba mahali kama hapo chuma kitolewe pamoja na kinga na tiba ya malaria.

Nne, chakula. Chuma cha nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa wepesi. Chuma cha maharage, kunde na mboga za majani huingia kwa shida, lakini husaidiwa sana na chungwa, pera, embe au ndimu iliyoliwa pamoja. Chai huzuia chuma cha mboga kisiingie. Kwa hiyo, ninyi mpendao kikombe cha chai juu ya chakula, ngojeni saa moja au mbili. Tena choo kizuri na viatu ni dawa kwa nyumba nzima, kwa kuwa anayepona safura na kurudi kukanyaga udongo ule ule ataambukizwa tena.

MWISHO

Wanachama wenzangu, sisemi kwamba hapana wavivu duniani. Wako, na kila ofisi yawajua wake. Lakini mvivu wa kweli huwa na nguvu za kwenda anakotaka. Aliyekosa chuma huchoka hata katika mambo ayapendayo. Basi mwenzetu aliyekuwa hodari akianza kulegea, au mtumishi akiandikwa mara kwa mara kuwa hakumaliza kazi, tusikimbilie kutia alama ya uvivu. Tumwulize habari za pumzi yake, za moyo wake na za usingizi wake. Tumtakie msimamizi wake ruhusa ya kwenda kupimwa damu, na tuandike katika daftari kwamba amepelekwa hospitali. Hayo yamo katika uwezo wa karani yeyote, wala hayahitaji fedha wala cheo.

Na nyumbani tuwatazame wake zetu na binti zetu kwa jicho hilo hilo. Mara nyingi wao ndio waamkao mapema kuliko wote na kula mwisho, na nyama iliyo katika chungu huwafikia imebaki mchuzi. Mwanamke akisema amechoka, na tumsadiki kwanza, kisha tumpeleke akapimwe.

 Kama liko swali, nitajitahidi kulijibu kwa kadiri ya ujuzi wangu.